Mwenyekiti Juu ya Mafiga

Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi ubishi, hutegemea niseme Zanzibar. Hasha! Zanzibar nilifundishwa kunyamaza, na nilifundishwa nikahitimu. Baada ya mapinduzi mama yangu alikuwa akifunga madirisha kabla ya kusema neno lolote la maana, na hata yakishafungwa alisema nusu tu, nusu akaimeza. Ubishi nimejifunza London, kwenye chumba cha nyuma cha duka la picha za kale, na walionifundisha ni Wamarekani waliokufa zamani, ambao lau wangeniona mimi wangenichora midomo kama maandazi na kunitia mkononi kipande cha tikiti maji.

Duka lilikuwa la mzee mmoja wa Kiingereza, mpole, mwenye sweta lililotoboka viwiko, na kazi yake ilikuwa ya kikatili. Alinunua mnadani majarida ya vichekesho vya siasa yaliyochapwa Marekani katika karne ya kumi na tisa, mwaka mzima umejalidiwa katika buku moja zito. Akifika nalo dukani, alishika kisu akapasua mgongo wa buku, akalichambua karatasi moja moja. Buku zima halikuwa na mnunuzi, lakini picha kubwa ya katikati, ya rangi, ya kurasa mbili, ikiwekwa ndani ya kadi safi na kioo, ilipata ukuta wa kutundikwa. Kazi ya kukata kadi na kupachika picha ilikuwa yangu. Niliingia pale msichana wa miaka ishirini na kidogo, nikiwa sijui Marekani iko upande gani wa ramani.

Sasa fikiria. Mtu uliyetoka kwenye nchi ambayo picha ya mkubwa hutundikwa juu ya mlango na kupanguswa vumbi kwa heshima, unaletewa mezani picha ya rais katiwa nepi. Nilidhani nimeona vibaya. Nyingine ilikuwa na mbunge ambaye badala ya tumbo ana gunia la pesa, na badala ya kichwa ana gunia la pesa dogo zaidi. Chama kimoja ni tembo kapotea njia, kingine ni punda hataki kusukumwa. Mwenye reli kageuzwa pweza, kila mkono umekamata shamba la mtu. Nilimuuliza mzee, "Waliochora haya walifungwa?" Akacheka, akasema walilipwa vizuri sana, na mmoja wao alijenga nyumba kubwa. Siku nzima nilikuwa nikikata kadi na kutikisa kichwa.

Lakini sikudanganyika. Wachoraji wale hawakuwa watu wema. Mkubwa walimcheka, na mnyonge wakamcheka mara mbili. Mtu mweusi walimchora kama kikaragosi kilichotoka macho. Wanawake waliotaka kupiga kura walichorwa kuku waliovaa suruali, na mume kaachwa nyumbani kumbeba mtoto. Mwairishi walimchora nyani, taya limetokeza, chupa mfukoni. Jirani yetu wa chini pale Kilburn, mtaa wetu wa London, alikuwa mama wa Kiairishi, na siku moja nilimchukulia karatasi iliyochanika, ambayo haiuziki. Aliitazama, akaigeuza, akasema hiyo ni sura ya shemeji yake mtupu, kisha akaichoma kwenye jiko la gesi bila ya kuniuliza. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Niliwaza sana juu ya picha zile. Nikaona kisu ni kisu. Aliyekichonga hanipendi, sawa, lakini mpini nao unashikika. Nikaanza kujifunza. Nilikuwa na mkono uliozoea, maana nyumbani nilikuwa nikiwapaka maharusi piko, na mtu anayeweza kuchora ua juu ya kiganja kinachotetemeka, karatasi haimshindi. Nyuma ya vipande vya kadi vilivyobaki niliiga vivuli vyao vya mistari iliyokatana, mikunjo ya makoti, vitambi. Kitu kimoja tu sikukiiga. Wale Wamarekani walikuwa wakiandika maneno kila mahali: juu ya gunia wameandika ni gunia la nini, juu ya kofia ni kofia ya nani, juu ya mbwa ni mbwa wa sera gani. Watu wetu hawahitaji kuandikiwa. Mzanzibari umpe kivuli cha mtu anayekata kona, atakwambia ni nani, anatoka wapi, na kwa nini hakusalimu.

Tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Baba hakuwahi kutoka Zanzibar, na hilo tuliache hapo lilipo. Tulikodi vyumba viwili karibu na kituo cha treni, na mama, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye "tenkyu," alikaa dirishani akishona kofia. Nazungumzia kofia za viua, za mkono, zile ambazo kila kitundu kinazungushiwa uzi mpaka nakshi itokee, na moja inakula miezi. Mama hakurudia nakshi. Kila mwanamme alishonewa yake, na mama alikuwa akimfikiria mtu huyo wakati wote wa kushona. Ndiyo maana watu wetu huzisoma kofia. Ukimwona mtu kwa nyuma ng'ambo ya barabara, kofia ishakwambia.

Dunia ya mama pale London ilikuwa Jumuiya yetu ya Wazanzibari. Tulikodi ukumbi wa kanisa, ndiyo, wa kanisa, wenye joto la kubahatisha, na humo tulifanya Idi, maulidi, harusi na matanga. Mwenyekiti alikuwa mtu mnene wa sauti tamu, aliyetutangulia London na kujua mlango wa kila ofisi. Sikatai, alisaidia watu. Familia ngapi zilipata nyumba za kaunsili kwa kuwa yeye alikwenda kukaa kwenye benchi pamoja nao! Lakini kiti alikikalia mpaka kikachukua umbo lake. Kila mwaka uchaguzi ulikuwa wa kunyoosha mikono, mikono ya wanaume tu, naye akiuliza "Nani anapinga?" huku akiwatazama machoni mmoja mmoja. Nani apinge, na watoto wake wanataka barua ya shule?

Kina mama walipika. Walianza asubuhi kumenya vitunguu, wakamaliza jioni kusugua masufuria. Na walikuwa na kazi nyingine ambayo haikusemwa kwa sauti. Akifa mwanamke wetu, wao ndio waliomwosha. Mama yangu alikuwa mkubwa wao katika hilo. Aliitwa saa yoyote, akatoka na mfuko wake wa kafuri na majani ya mkunazi, akarudi kimya, akaoga, akashika sindano yake. Mwaka mmoja, katika mkutano, wale wanawake walimtuma mama asimame kuomba kitu kimoja: wapewe kiti kimoja tu kwenye kamati, ili mambo ya kuosha na kuzika yasiwe yanaamuliwa na watu ambao hawajawahi kukunja mikono. Mama alisimama, buibui lake kalishika kwa mikono miwili, akasema maneno yake kwa adabu zote.

Mwenyekiti alitabasamu. "Kina mama," alisema, "kura yenu iko jikoni, na sisi tunaipokea kwa mikono miwili!"

Ukumbi ukaanguka kicheko. Mama akakaa, na yeye akacheka pamoja nao. Hicho ndicho kilichonikata maini. Angelia ningevumilia. Kucheka kwake, kule kukunja midomo ili aonekane kaelewa utani, kulinifanya nitoke nje nikasimame kwenye baridi bila koti.

Kijarida cha Jumuiya nilikuwa nikikipiga chapa mimi, kwa taipureta ya dukani, kisha nikatoa fotokopi na kuzibana kwa pini. Mbele salamu za Mwenyekiti, katikati nyakati za sala na tanzia, nyuma ukurasa mtupu kwa sababu habari zilikuwa zikiisha. Jumapili moja asubuhi nilikaa jikoni kwetu na wino mweusi nikaujaza ukurasa ule.

Nilichora mafiga matatu. Kila figa ni mwanamke aliyechutama, mgongo umeinama, buibui limezunguka magoti, moto unawaka katikati yao. Juu ya migongo yao limekaa sufuria la pilau, lile kubwa la harusi. Ndani ya sufuria kakaa mwanamme mnene, katupa mgongo, hana uso, upawa kaushika kama fimbo ya kifalme. Anaota moto. Kichwani kavaa kofia, na kofia ile niliichora kwa raha zangu, kitundu kwa kitundu, kwa kuwa nakshi yake nilikuwa naijua kwa moyo: ilikuwa imelala kwetu juu ya mto wa kiti miezi na miezi, mama akiishona. Sikuandika neno hata moja. Nilijiambia, watajua wote, na yeye hana ushahidi.

Kijarida kiligawiwa siku ya Idi. Kicheko kilianza jikoni. Nilisikia mtu mmoja, kisha wawili, kisha kishindo cha mfuniko ulioanguka, na wanawake wakaanza kupiga vigelegele kana kwamba kumetolewa mwali. Wanaume waligeuza ukurasa mmoja mmoja. Wengine walikunja nyuso huku mabega yanatikisika. Mke wa Mwenyekiti, mwanamke mkimya ambaye sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi, alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kijarida mkononi. Alikitazama muda mrefu, akakikunja vizuri, akakitia kifuani mwake. Mama alikuwa akigawa kaimati na hakukiona.

Jumamosi iliyofuata Mwenyekiti alipanda ngazi zetu, na Katibu nyuma yake. Mama alifurahi, maskini. Alikimbilia jikoni kuteleka chai, akatoa vikombe vya maua.

"Shikamoo, Mwenyekiti," nilisema.

Marahaba hakuitika. Alitoa kijarida mfukoni akakibwaga mezani, ukurasa wa mwisho juu. "Hii kazi ya nani?"

"Yangu."

"Umenichora mimi."

"Nimechora mtu kwenye sufuria. Uso hana. Umejuaje kama ndiye wewe?"

Katibu akakohoa kikohozi cha mtu anayeficha jambo. Mwenyekiti alimtupia jicho, akanirudia. "Usinifanye mtoto mdogo. Kofia yangu naijua!" Na alikuwa kaivaa, ile ile, akaishika kwa vidole kunionesha. Kisha akageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. "Na mkono ulioishona naujua pia. Dada, sikutegemea kwako. Umenishonea kofia kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili ukanivua nguo mbele ya watu."

Hilo, nakiri, halikuwa limenipitia akilini. Nilijua kofia itamtaja mvaaji. Kwamba itamtaja na mshonaji, kwamba watu wote watasema mama katoa nakshi yake ili mtu achekwe, sikuliwaza hata kidogo. Mama aliweka sinia, akaisogelea picha, akaiona. Uso wake ulibadilika rangi.

"Wallahi sikujua," alisema.

"Mkutano mkuu unakuja," Mwenyekiti alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya upole, upole ule wa mtu aliyeshika kisu upande wa mpini. "Mwanao asimame mbele ya watu wote aombe radhi. Akiomba, yamekwisha, sina kinyongo. Asipoomba, nyinyi wawili katika Jumuiya hamumo. Si katika Idi, si katika harusi." Akamtazama mama. "Wala katika maziko."

Wakaondoka. Chai haikuguswa. Kwetu mtu akiacha chai yako ikapoa, hana haja ya kukutukana tena.

Nilingoja mama anipigie kelele. Hakunipigia. Alikaa dirishani, mikono mitupu, jambo ambalo sikulizoea, akatazama mabasi yakipita. Hatimaye akauliza, kwa sauti ndogo, "Nitaoshwa na nani?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Nimewaosha wenzangu wote waliotangulia. Nimewafunga sanda kwa mikono hii. Mie siku yangu ikifika, nitaoshwa na nani? Na watu wa manispaa?"

"Nitakuosha mimi."

"Wewe?" Akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kofi. "Wewe kuku humchinji."

Nikamwambia yote yaliyokuwa yamenijaa. Kwamba kule Zanzibar tulimkimbia mkubwa asiyechekwa, tukavuka bahari, tukaja kukodi ukumbi wa kanisa Kilburn ili tumtengeneze mwingine. Kwamba Mwenyekiti alimcheka yeye, mama yangu, mbele ya macho yangu, na hakuna aliyemtaka radhi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Maneno yako kweli," alisema. "Lakini wewe una picha zako, mwanangu. Mie nina watu."

Siku zile nilifanya kazi vibaya, nikaharibu kadi, mpaka mzee wa duka akaniuliza nina nini. Nikamweleza. Akashangaa kwa nini najitesa: neno la radhi ni neno moja tu, sema uendelee na shughuli zako. Lakini Mwingereza radhi huigawa siku nzima. Umkanyage mguu kwenye treni, yeye ndiye anayekuomba radhi! Kwetu ukisema "nisamehe" mbele ya watu, umesema kwamba ulichokisema kilikuwa uongo. Na mafiga yale hayakuwa uongo. Wale wachoraji waliotuchora sisi vikaragosi hawakumwomba mtu radhi mpaka wakafa, na walikuwa waongo. Mimi mkweli ndiye niombe?

Siku ya mkutano ilikuwa na mvua. Ukumbi ulijaa kupita Idi, maana kila mtu alitaka kuona nikivuliwa ushungi, kwa namna ya kusema. Wanaume mbele, kina mama nyuma karibu na jikoni. Mama hakuwa amenisemesha tangu asubuhi. Alikaa mwisho kabisa wa safu, peke yake. Viti vya pembeni yake vilikuwa vitupu, na vile viti vitupu viliniambia mambo yashaanza.

Mwenyekiti alinyoosha mkono kunipa nafasi. Nilisimama. Nikashika mgongo wa kiti cha mbele yangu.

"Nimeambiwa niombe radhi," nilisema. "Nakuja kuomba. Nawaomba radhi kina mama, kwa sababu niliwachora watatu, na nyinyi ni wengi. Karatasi ilikuwa ndogo. Mwenyekiti simwombi."

Basi tena! Wanaume walisimama. Huyu anasema mtoto huyu hana adabu, yule anasema ndio malezi ya London, na wengine wanasema astaghfirullah, astaghfirullah, bila ya kujulikana wanamwombea nani. Mwenyekiti aligonga meza mpaka pakatulia. Alikuwa kasawijika.

"Vizuri," alisema. "Wewe na mama yako tokeni."

Nikageuka kumtafuta mama, na nilimwogopa yeye kuliko ukumbi mzima. Kasimama. Kaweka buibui lake sawa, anakuja. Lakini mlango ulikuwa nyuma yake, na yeye alikuwa akija mbele. Alipita katikati ya wanaume, akanipita mimi bila kunitazama, akaenda mpaka mezani kwa Mwenyekiti na kumnyooshea kiganja.

"Kofia," alisema.

"Dada, nini tena?"

"Nipe kofia yangu."

Kumvua mwanamme kofia mbele ya watu! Mwenyekiti alipeleka mkono kichwani haraka, akaikandamiza, mkono mzima, kama mtu aliyepigwa na upepo. Nilisikia mtu akiguna jikoni.

Mama alishusha kiganja chake taratibu. "Basi kaa nayo," alisema. "Nilikushonea kwa heshima. Ulivyonicheka nikacheka na mie, nikasema basi, ni mkubwa wetu. Mwanangu hakucheka. Sasa ivae. Kila ukiivaa, kila atakayekuona kwa nyuma ataiona picha."

Akanishika mkono, kwa nguvu, kama anavyoshikwa mtoto wa kuvushwa barabara, tukatoka. Nje, kwenye kituo cha basi, nilimwambia, "Mama, mbona ulitaka niombe radhi?" Akanijibu kwamba alitaka, na kwamba nisimsemeshe, ana hasira na mimi bado. Kisha akaanza kucheka mpaka akakaa kwenye benchi lililolowa.

Kofia ile haikuonekana tena kichwani mwa Mwenyekiti. Alianza kuvaa zile nyeupe za kiwandani. Hata hivyo kiti hakukiacha. Msidhani kwamba picha huangusha watu. Wale wakubwa wa Kimarekani wenye magunia ya pesa tumboni, wengi wao walikufa matajiri, vitandani mwao. Na kina mama kiti cha kamati hawakukipata mwaka ule wala mwaka wa pili. Tulichopata sisi ni mlango uliofungwa. Harusi zilifanywa, na sisi tulisikia habari zake dukani. Idi tulikula wawili, mama akapika pilau ya watu wanne kwa kuwa kidogo zaidi ya hapo alikuwa hajui kupika, iliyobaki tukamshushia jirani wa Kiairishi. Mama na jirani yule walizoea kukaa pamoja mchana, mmoja kwa Kiswahili, mwengine kwa Kiingereza, na sijui walikuwa wakiambiana nini, lakini walikuwa wakibishana.

Kina mama wa Jumuiya walimkwepa. Wengine kwa woga, wengine kwa waume zao. Mmoja akikutana naye sokoni atamshika mkono kwa haraka, atamuuliza hali, huku macho yanatazama nyuma. Mama hakuwalaumu. Mimi niliwalaumu, kila siku, kwa majina yao, nikipika, nikifua, nikipanda ngazi. Alipokuwa hawezi tena kushona kwa ajili ya macho, alikaa dirishani vilevile. Lile swali lake hakulirudia, lakini nilijua liko pale pale, na yeye alijua kuwa nalijua.

Alifariki hospitali, baridi imekolea, miaka mingi baada ya mkutano ule. Sikumpigia simu mtu yeyote wa Jumuiya. Nimpigie nani? Kiburi changu kilikuwa kizima. Nilizungumza na msikiti, wakanipa chumba cha kuoshea na saa, na mama mmoja wa Kigujarati, mpole, akaniambia atakuja kunisaidia akimaliza kazi zake. Nilikwenda mapema. Mama kalala juu ya meza, kafunikwa. Nikatoa kafuri, nikatoa majani ya mkunazi, nikatoa sanda. Nikakunja mikono ya gauni. Nilikuwa nimemwahidi, na sikuwa najua nianzie wapi. Nilisimama nimeshika kata tupu na nilikuwa nikilia kwa hasira. Nilimkasirikia Mwenyekiti, niliwakasirikia wote, niliukasirikia mji mzima wa London.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Aliingia mke wa Mwenyekiti, kazeeka, anatembelea mkongojo. Nyuma yake mwengine, na mwengine, na mwengine, wengine walikuwa wasichana ambao niliwaacha wadogo, mpaka chumba kikawa hakina pa kugeukia. Sijui nani msikitini aliwapasha habari, na hakuna aliyeniomba ruhusa. Mmoja kanipokonya kata, mwengine kawasha ubani, mwengine keshafunga kanga kiunoni. Mke wa Mwenyekiti aliegemeza mkongojo ukutani, akanyanyua mikono ya gauni lake juu ya viwiko, akainama akambusu mama kwenye paji la uso.

Mimi sikuweza kumkumbatia. Nilichoweza kusema, na nilikisema kwa ukali, ni, "Mwenyekiti anajua mmekuja?"

"Anajua," alisema. "Yupo nje kwenye mvua, nimempa mikoba yetu atushikie. Haya, maji yako wapi?"